Chenga Zimekwisha, Tusome Mistari Miwili

Mhadhara kwa wananchi wa kata ya Msowero, wilaya ya Kilosa



Nimeombwa nizungumze juu ya ving'amuzi. Wakubwa siku hizi wanaviita visimbuzi, na jina hilo ni zuri, ila leo nitatumia neno ambalo sote tunalitumia tukiwa nyumbani. Aliyeniita alinipa sababu moja tu: "Mwalimu, watu wanamaliza hela." Ni kweli, na mimi nimeyaona. Mtu anauza gunia la mpunga, ananunua TV, dishi na king'amuzi. Baada ya miezi michache picha inaanza kuganda. Anaita fundi, fundi anabonyeza rimoti dakika kumi, anatikisa kichwa, anasema king'amuzi kimekufa. Linauzwa gunia la pili. King'amuzi kipya kinafungwa kwenye waya uleule, na wiki ya pili picha inaganda tena. Cha kwanza hakikuwa kimekufa. Kilikuwa hakipati chakula.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalirudia hadi jioni: TV inapozima, mara nyingi ugonjwa hauko kwenye TV wala kwenye king'amuzi. Uko njiani, kati ya anga na king'amuzi. Na njia hiyo ina namna yake ya kusema inapoumwa. Tatizo letu ni kwamba lugha yake imebadilika na hakuna aliyetufundisha hiyo mpya.

Lugha ya zamani ilikuwa chenga. Hapa Msowero hakuna wa kufundishwa chenga ni nini. Mpunga ukikobolewa vibaya, punje zikavunjika, zile ndogondogo nyeupe zinazobaki kwenye ungo ndizo chenga. Televisheni zilipoenea Tanzania Bara katika miaka ya 1990, ITV ikiwa imeanza mwaka 1994, watu waliona kioo kimejaa nukta nyeupe zinazorukaruka, wakaziita kwa jina hilohilo. TV inaonyesha chenga. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku tukisikiliza redio, lakini chenga zilipotufikia tulizijua mara moja.

Na chenga zilikuwa na heshima moja: zilikuwa zinasema ukweli. Antena ikigeuka kidogo, zilikuja chache. Ikigeuka sana, zilijaa. Mvua ikiingia kwenye waya, picha ilififia taratibu kwa wiki nzima kabla ya kupotea. Mtoto alipanda juu ya nyumba, baba akabaki ndani akipaza sauti: "Hapo hapo! Rudisha kidogo! Umepitiliza!" Kila nyumba ilikuwa na fundi, kwa sababu picha mbaya yenyewe ilikuonyesha ubaya wake na ikakuonyesha unapoelekea kupona.

Mwaka 2006, mataifa yalikutana Geneva chini ya Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, yakakubaliana kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Kwa nchi zetu tarehe ya mwisho ikawa 17 Juni 2015. Tanzania haikuisubiri. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata kwa awamu, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Sababu ni ya msingi. Masafa ni kama shamba lenye mipaka. Kipande cha megahezi 8 kilichokuwa kinabeba stesheni moja ya analojia, kwa dijitali kinabeba zaidi ya kumi. Shamba ni lilelile, mavuno ni mengi zaidi.

Lakini namna ya kubeba ilibadilika. Mnara wa analojia ulikuwa unarusha picha yenyewe. Mnara wa dijitali, au setilaiti, unarusha namba: sifuri na moja, mamilioni kila sekunde, na king'amuzi ndicho kinachozisoma na kuzichora ziwe picha. Pamoja na namba za picha hutumwa namba za ziada za kusahihishia. Zikipotea chache njiani, king'amuzi hukokotoa na kujaza pengo, wewe uliyekaa kwenye kochi hujui kitu. Zikipotea zaidi, kinaendelea kujaza. Zikizidi kiwango, hakiwezi tena. Hapo picha inakatika vipandevipande kama vigae, sauti inakwaruza, kisha kioo kinakuwa cheusi.

Wengi mnayajua makorongo yetu. Unatembea kwenye uwanda, ardhi sawa, nyasi sawa, halafu hatua moja mbele pana shimo la mita nne. Dijitali iko hivyo. Picha ni safi, safi, safi, halafu hakuna. Unaweza kuwa umesimama hatua moja kutoka ukingoni mwezi mzima, picha yako inang'aa kama mpya, na upepo mdogo wa jioni ukakusukuma. Kesho yake unasema, "Jana ilikuwa nzuri kabisa, leo king'amuzi kimekufa." Hapana. Jana ulikuwa ukingoni na hukuwa na chenga za kukuambia.

Kwa hiyo tunahitaji kitu cha kushika nafasi ya chenga, na kipo ndani ya kila king'amuzi. Chukua rimoti, ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya usakinishaji au ya taarifa za mawimbi. Utaona mistari miwili, pembeni kila mmoja una asilimia yake. Mmoja ni nguvu, mwingine ni ubora. Nimekutana na watu wenye king'amuzi kwa miaka mingi ambao hawajawahi kuiona mistari hiyo, na nimekutana na mafundi wanaoiona lakini wanasoma mmoja tu.

Tofauti yake ni hii. Uko mnadani, ng'ombe wanalia, mabasi yanapiga honi, wauza nguo wana spika, na ndugu yako yuko ng'ambo ya pili anakuita. Nguvu ni kelele yote inayofika sikioni mwako. Ubora ni kiasi gani unayatambua maneno ya ndugu yako. Unaweza kuwa na kelele ya kupasua masikio na usielewe hata neno moja. King'amuzi hakiishi kwa nguvu, kinaishi kwa ubora. Ukiona nguvu imesimama asilimia 80 na ubora sifuri, usifurahie hiyo 80. Waya umeunganika na umeme unafika juu, lakini dishi linatazama pasipo na ndugu yako. Nguvu na ubora vyote vikiwa chini kabisa, mara nyingi hakuna kinachofika: waya umekatika, au umegusana, au kichwa cha dishi, ile LNB inayoning'inia mbele, hakipati umeme. Ubora ukipanda na kushuka kila sekunde chache, 60, 20, 55, 0, basi kuna kitu kinachocheza: bolti iliyolegea, tawi linalopunga, maji ndani ya waya.

Ombi langu la kwanza kwenu, na ningefurahi hata kama mtaondoka na hilo peke yake: siku TV yako iko nzuri, anga jeupe, fungua ukurasa huo, andika namba mbili kwenye kipande cha karatasi pamoja na tarehe, bandika chini ya king'amuzi. Siku ikiharibika utakuwa na cha kulinganishia. Fundi akija, mwonyeshe. Fundi mkweli atakushukuru.

Nitawasimulia nyumba moja. Ni hukuhuku kwetu, na mwenye nyumba aliniruhusu nisimulie bila jina lake. Nilimkuta bibi amekaa barazani anapembua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunizikia king'amuzi?"

Mafundi watatu walikuwa wamekwishapita. Wa kwanza alisachi chaneli upya. Wa pili aligeuza dishi. Wa tatu alitaka fedha ya king'amuzi kingine. Nikafungua ukurasa wa mistari miwili: nguvu chini, ubora sifuri. Nikaufungua waya nyuma ya king'amuzi, ile konekta ya kuzungusha kwa vidole. Waya wa dishi ukiukata utaona mpangilio wake: katikati uzi mmoja wa rangi ya shaba, unaozungukwa na povu jeupe gumu, kisha karatasi ya fedha na wavu wa nyuzi nyembamba, juu yake ngozi ya plastiki. Kwa bibi, konekta ilipotoka tone la maji lilianguka kwenye kiganja changu. Ndani ya nyumba. Uzi wa katikati ulikuwa umeota kutu ya kijani.

Nikaufuata waya. Ulipita chini ya bati, ukatokea nje, na pale unapokunja kona ukingo wa bati ulikuwa umeula pole pole kila upepo ulipovuma, hadi ngozi ikafunguka kama jeraha. Maji ya masika yaliingia pale, yakateremka ndani ya waya kama ndani ya mrija, mita kwa mita, hadi sebuleni. Tukabadilisha waya wote, kwa sababu waya uliokunywa maji haukaushwi. Tukaupitisha mbali na ukingo wa bati. Kabla ya kuuingiza ndani tukauacha uning'inie kitanzi kidogo, ili maji yanayofuata waya yadondokee chini ya kitanzi badala ya kuingia nyumbani. Kisha tukaligeuza dishi, kwa sababu yule fundi wa pili alikuwa amelipoteza. Jioni bibi alitazama taarifa ya habari. King'amuzi ni kilekile hadi leo.

Nakaa hapo kwenye waya kwa makusudi, kwa maana hapo ndipo magonjwa yanapojificha. Angalieni zile nyuzi za wavu: ukizembea kuzikata vizuri, uzi mmoja mwembamba kama unywele ukiugusa ule wa katikati, kila kitu kinazima. Waya uliounganishwa kwa kusokota na kufungwa solotepu, huo ni ugonjwa unaosubiri mvua. Panya wa darini wanapenda ile ngozi ya plastiki. Nyigu hujenga kwenye LNB. Konekta zisizo na kifuniko cha mpira juu ya paa huota kutu msimu mmoja tu. Hakuna kati ya haya kinachotibiwa na rimoti.

Sasa dishi lenyewe. Setilaiti hizi ziko juu ya ikweta, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini, zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama. Azam, walioanza kurusha mwaka 2013, wako kwenye nyuzi 7 mashariki. DStv wako nyuzi 36 mashariki. Msowero iko karibu nyuzi 37 mashariki na nyuzi 6 na nusu kusini. Ukipiga hesabu, dishi la nyuzi 7 hapa kwetu linatakiwa litazame magharibi likichepuka kidogo kaskazini, na mwelekeo wake uinuke takriban nyuzi 54 kutoka upeo wa macho. Msiogope Milima ya Ukaguru iliyoko upande huo. Haifiki popote karibu na kimo hicho. Lile la nyuzi 36 linatazama karibu utosini, nyuzi 82. Ila sahani hizi hudanganya macho. Zimetengenezwa ili mawimbi yapokelewe kwa kuchepuka, hivyo uso wa dishi huonekana umeinama chini kuliko mahali linapotazama kweli. Wengi hulisukuma juu kwa kufuata macho, wakalipoteza.

Na wanalisukuma kwa mkono mzito. Chukua dishi la sentimeta 90. Ukiusogeza ukingo wake sentimeta moja, umeligeuza zaidi ya nyuzi moja, na nyuzi moja kwa umbali ule wa setilaiti ni zaidi ya kilometa 600. Kwa hiyo dishi halitafutwi kwa kuzungusha. Legeza bolti kidogo, sogeza kiasi cha kucha, ngoja sekunde tano, kwa maana king'amuzi huchelewa kusoma, mwenzako aliye ndani akutajie ubora kwa simu. Ubora, si nguvu. Ukipata namba ya juu kabisa, kaza bolti zamu kwa zamu, maana ukikaza moja hadi mwisho dishi linahama.

Mwembe nao una maneno yake. Dishi lilifungwa wakati mti uko mdogo, miaka mitatu baadaye matawi yamepanda. Majani mabichi yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Kwa dishi lililoinuka nyuzi 54, mti ulio upande linakotazama, ukilizidi dishi kwa mita 10, uwe mbali nalo zaidi ya mita 7. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, usimlaumu mtu. Hamisha dishi, mwembe una faida zake.

Mvua kubwa itakata matangazo ya dishi hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Mawimbi hayo ni ya masafa ya juu sana, gigahezi 11 hadi 12, na wingu zito la Machi au Aprili huyameza. Ikikata wakati wa mvua na kurudi baada ya robo saa, hakuna ugonjwa. Ila kama kila manyunyu yanakata, ubora wako ulikuwa ukingoni. Na kuna jambo ambalo wachache wanalijua: siku chache karibu na tarehe 23 Machi na tena karibu na tarehe 20 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti tukilitazama kutoka hapa. Kwa dishi la nyuzi 7 inatokea mnamo saa tisa alasiri, kwa la nyuzi 36 mnamo saa saba kasoro. Kelele ya jua inafunika sauti ya setilaiti kwa dakika chache. Anga jeupe, hakuna upepo, picha inapotea, inarudi. Usipande juu ya nyumba. Subiri.

Wanaotumia ving'amuzi vya antena, kama vile vya StarTimes, hali yao ni tofauti. Wao hawatazami juu, wanatazama mnara, na mawimbi ya mnara hayapindi sana kufuata dunia. Kuna hesabu mafundi wanaitumia: kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, zidisha kwa 4, hizo ndizo kilometa unazofika. Mnara wa mita 100 unafika kama kilometa 40 kwenye tambarare. Antena yako ikiwa mita 4 juu, ongeza 8. Ukiiinua hadi mita 9, ongeza 12. Hizo kilometa nne za ziada ndizo zinazoamua kwa mtu aliye mbali na mnara, na Morogoro mjini, huko kusini mashariki kwetu, si karibu. Hata kilima kidogo katikati kinatosha kuharibu hesabu yote. Mwenye nyumba bondeni anaweza kukosa kabisa wakati jirani aliye kwenye mwinuko anapata vizuri. Hapo usishindane na ardhi, nunua dishi. Na ile antena ya vijiti, tafadhali, vijiti vifupi ndivyo vinaelekea mnarani, vile virefu viko nyuma. Nimeona nyingi sana zimegeuzia mnara mgongo.

Neno dogo juu ya mitumba: nchi za SADC zilichagua mfumo wa kizazi cha pili, DVB-T2, kwa matangazo ya minara. King'amuzi au TV ya kizazi cha kwanza iliyotoka Ulaya na ndugu yako haitausoma, hata ukiifunga kwenye antena ndefu kuliko mnazi.

Nifike kwenye kusachi, kwa sababu ndiyo dawa inayotolewa kwa kila ugonjwa na ndiyo inayoleta hasara kubwa. King'amuzi kina orodha ya chaneli, ni kama daftari la majina ya wateja. Kusachi upya mara nyingi ni kulifuta daftari na kuliandika tena kwa kusikiliza kilichoko hewani. Sasa kama ubora ni sifuri, kinasikiliza nini? Kinafuta majina yote na hakipati la kuandika. Ulikuwa na tatizo moja, una mawili. Sachi pale tu ubora uko juu na bado kuna chaneli zimepotea au hazifunguki, maana hapo inawezekana mrushaji amehamisha masafa. Ubora uko chini? Weka rimoti mezani, fuata waya.

Kuna siku ambapo chaneli hupotea bila kosa la waya, dishi wala masafa. Mwaka 2018 TCRA iliziagiza kampuni za kulipia kwa setilaiti ziziondoe chaneli za bure za nyumbani kwenye ving'amuzi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Baadaye mambo yakarekebishwa, zikarudi. Lakini wiki ile nilimkuta baba mmoja yuko juu ya bati jua la mchana, analigeuza dishi anaitafuta ITV. Chaneli nyingine zote zilikuwa zinaonyesha hadi alipoligusa. Kanuni ni hii: zikipotea chache na nyingine zikabaki na ubora mzuri, uliza kwanza, usipande.

Na malipo. Mtu analipa kifurushi kwa simu, ujumbe unarudi kwamba umepokelewa, TV haifunguki, anapiga simu kwa hasira. Tuelewe fedha inaendaje. Wewe unalipa kwa mtandao wa simu, lakini ruhusa ya kufungua chaneli hairudi kwa simu. Inarushwa hewani, inaingia kwa dishi au antena yako kama namba nyingine zote, na king'amuzi kinaipokea kikiwa kimewaka. Ukilipa king'amuzi kikiwa kimezimwa, au ubora ukiwa sifuri, ruhusa inapita haina wa kuipokea. Kiwashe, kiache kwenye chaneli uliyolipia, subiri. Wenye DStv wataona E16 pale ruhusa inapokosekana, na E48-32 pale mawimbi yanapokosekana. Ni magonjwa mawili tofauti. Wa E48-32 asiende kwa wakala kulipa tena, aende kwenye waya.

Kama hata menyu ya king'amuzi haionekani na TV yenyewe inaandika kwamba hakuna mawimbi, hapo dishi lako halihusiki kabisa. Ni ule waya mfupi kati ya king'amuzi na TV, au mtoto amebadilisha mlango kwa rimoti kutoka HDMI kwenda AV. Hiyo ni kazi ya dakika moja na hailipwi.

Umeme nao una mkono wake. Mashine ya kusaga ikiwashwa jioni, taa zinafifia, king'amuzi kinazima na kuwaka chenyewe. Kwenye sola yenye betri iliyochoka inakuwa ngumu zaidi kugundua. King'amuzi hupeleka umeme juu kwenye LNB, volti 13 kwa kundi moja la chaneli na volti 18 kwa kundi lingine. Betri ikilegea, 18 haifiki, na nusu ya chaneli zinapotea wakati nusu nyingine ziko safi. Mtu anaapa kwamba dishi limehama. Jaribu alasiri betri ikiwa imejaa jua.

Nimalizie na jambo ambalo silisemi kwa upole. Hakuna mechi yenye thamani ya kupanda bati lenye maji. Hakuna taarifa ya habari inayostahili kuinua bomba la chuma la antena karibu na waya za umeme. Bomba likigusa, hakuna wa kumwita. Wingu la radi likitanda, chomoa king'amuzi ukutani na chomoa waya wa dishi pia, maana radi huingia kwa njia zote mbili. Mlingoti wa antena ufungwe waya wa kwenda ardhini. Na vijana wa vibanda umiza, ninyi mna watu hamsini chini ya paa moja na nyaya zimelala sakafuni: zipandisheni juu kabla ya mechi ijayo.

Nitakuwa hapa ofisi ya kata kesho Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, na sitatoza mtu. Msinibebee ving'amuzi wala TV kichwani. Nendeni nyumbani, fungueni ukurasa ule, mniletee karatasi yenye namba mbili: nguvu na ubora.